Meza ya kulia yenye sanaa: ubao mzima, mto wa resini, mbao za kuunga au kioo?

Meza za kulia za kisasa zinatofautiana zaidi kwa jambo moja: sanaa imewekwa wapi. Kuna mafundi wanaoiweka juu, kwenye uso wenyewe, kwa ubao mpana wenye kingo za mti au mto wa resini, kimiminika kinachoganda kikawa kigumu, uliopita katikati. Wengine huiweka chini, kwenye miguu, na uso wakauacha tambarare usio na makuu. Uamuzi huo ndio unaopanga bei, uzito, matunzo na umri wa meza. Jina la mbao na rangi ya vanishi huja baadaye.

Tuseme mapema tunaegemea wapi. Kwa nyumba inayolia mezani kila siku, sanaa ikae chini. Uso ndio unaopokea sufuria, maji ya ndimu, madaftari ya watoto na pasi ya asubuhi, na katika nyumba nyingi za kwetu hufunikwa kitambaa, kisha plastiki juu ya kitambaa. Kulipia mto wa buluu halafu kuuficha chini ya maua ya plastiki ni hasara ya wazi. Mafundi wa milango ya Unguja walilipanga hili vizuri: nakshi nzito ziko kwenye fremu, juu ya mlango na kwenye mfaa, ile mbao ya wima ya katikati, lakini mbao zinazosukumwa na kugongwa kila siku mara nyingi zimeachwa wazi, na misumari ya shaba tu.

Uso wenye sanaa una mahali pake. Meza ya mikutano, ya mapokezi au ya nyumba ya wageni huangaliwa kuliko kuliwa, na hapo hesabu hubadilika. Kwa hiyo tunaziweka zote nne pamoja, kwa ukubwa mmoja: urefu sm 200, upana sm 95, kimo sm 75. Mtu mmoja anahitaji sm 60 za ukingo, hivyo meza hii inakalisha watatu kila upande na mmoja kila mwisho, jumla 8.

| | Ubao mzima, unene sm 5 | Mto wa resini, unene sm 5 | Mbao za kuunga, unene sm 3 | Kioo kigumu, mm 12 |
|---|---|---|---|---|
| Uzito wa uso peke yake | kg 62 kwa mninga, 78 kwa mkongo | kg 73 hivi | kg 37 kwa mninga | kg 57 |
| Sufuria ikitoka jikoni | Vanishi hupata alama, husuguliwa ikatoka | Resini hulainika, alama hubaki | Kama ubao mzima | Haina shida |
| Kinachoiua | Unyevu na bungua | Uchanganyaji mbaya, joto, jua | Viungo duni | Pigo la ukingoni |
| Ikichakaa | Randa na msasa | Kusugua uso wote upya | Randa na msasa | Kununua kingine |

Ubao mzima

Aliyeupa heshima ubao wa kingo za asili ni George Nakashima (1905–1990), Mmarekani mwenye asili ya Japani aliyekuwa na karakana New Hope, Pennsylvania. Hakukata kingo zikanyooka, na nyufa hakuzificha kwa lipu ya unga wa mbao. Alizishona kwa vipande vya umbo la kipepeo, zikawa pambo. Wengi huiga kingo na vipepeo vyake, wakasahau kwamba ubao ule ulikaushwa kwa subira kabla haujaguswa.

Kukauka ndilo suala zima hapa. Kanuni ya zamani ni mwaka mmoja wa kivulini kwa kila sm 2.5 za unene, kwa hiyo ubao wa sm 5 ni miaka miwili, na mbao nzito kama mkongo huchelewa zaidi. Tanuri la kukaushia hufupisha kazi hiyo hadi wiki kadhaa. Muuzaji akikwambia "imekauka" bila namba, bado hajakwambia kitu.

Namba yenyewe unaweza kuipata bila mashine. Omba kipande kutoka kwenye ubao ule ule, ila ondoa kwanza sm 30 za mwisho, maana ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Kipande kiwe na unene wote wa ubao na urefu wa sm 2 hadi 3. Kipime kwa mizani ya jikoni ya gramu, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hadi 105, ukipime tena kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kikianza na gramu 112 kikaishia gramu 100, unyevu ni asilimia 12.

Namba gani ni nzuri? Inategemea meza itakaa wapi, kwa sababu mbao hutafuta usawa na hewa inayoizunguka. Kwenye hewa ya pwani yenye unyevu wa asilimia 75 hadi 80, mbao hutulia kwenye asilimia 14 hadi 15 hivi. Dodoma wakati wa kiangazi hushuka kukaribia 10. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye kiyoyozi kinachowaka kutwa kimo kwenye kundi la Dodoma, jambo ambalo wateja wengi hawalitaji wanapoagiza. Ubao wa msaji wa upana wa sm 95, uliopasuliwa bapa (miviringo ya mti ikilala sambamba na uso), ukitoka asilimia 15 kwenda 10 hupungua upana kwa mm 9 hivi. Urefu karibu haubadiliki. Hizo mm 9 lazima zipate pa kwenda, la sivyo zitajitengenezea njia kwa kupasua ubao.

Ndiyo maana kosa baya kuliko yote ni kupigilia au kugundisha mbao za kukingama chini ya uso "ili usipinde". Njia sahihi ni chuma chenye umbo la U, upana mm 40 hadi 50, kilichozamishwa kwenye mfereji chini ya ubao. Tundu la katikati liwe la duara na mengine yawe marefu: kwa bolti ya mm 8, tundu la mm 9 kwa 20. Bolti iingie kwenye nati ya kuzamishwa ndani ya mbao, ikazwe ishike lakini isibane hadi kunyonga. Chuma kitazuia ubao kupinda, nao utateleza kushoto na kulia upendavyo. Mfereji wenyewe uwe mrefu kuliko chuma kwa mm 8 au 10 kila mwisho. Wengi hupima tundu, wakausahau mfereji.

Kabla ya kulipa, tazama ncha ya ubao. Ukiona kitovu cha miviringo, yaani moyo wa mti, uko ndani ya ubao, tarajia ufa. Mbao hunywea kufuata miviringo karibu mara mbili ya inavyonywea kuelekea moyoni, hivyo ubao wenye moyo ndani yake hauna namna ya kukauka bila kupasuka mahali. Ufa uliokwisha tulia hushonwa kwa kipepeo cha mbao ngumu, kina chake theluthi hadi nusu ya unene wa ubao, nyuzi zake zikikata ufa. Kipepeo ambacho nyuzi zake zinafuata ufa kitavunjika kiunoni.

Halafu kuna bungua. Wadudu wanaoacha unga mwepesi hula mbao nyeupe ya nje ya mti kwa sababu ndiyo yenye wanga, na ubao wa kingo za asili umebakiza mbao hiyo hiyo kwa makusudi, maana ndiyo yenye umbo zuri. Uzuri na hatari vimekaa sm 3 zile zile. Mwembe, ambao hutoa mbao pana zenye michirizi ya kuvutia, ni mweupe karibu wote. Dawa ya borati ipakwe mbao ikiwa tupu, kabla ya mafuta au vanishi yoyote, kwa sababu juu ya vanishi haipenyi. Tanuri nalo huua: nyuzi 56 hadi katikati ya ubao kwa dakika 30 ndicho kipimo cha kimataifa cha mbao za vifungashio. Gamba lote litoke, kwa kuwa hata likishikamana leo litaachia baadaye na chini yake ndimo wadudu hulala.

Kuhusu aina ya mti tutapita haraka. Mninga hucheza kidogo kuliko karibu mbao zote zinazopatikana kwetu, na kwa meza ndiyo sifa ya kwanza. Mkongo ni mzito na imara, lakini vumbi lake na rangi yake ya njano hudoa nguo zilizolowa. Mvule huweza kuwa na mawe ndani, kweli mawe ya chokaa, yanayong'oa meno ya msumeno. Msaji wa mashamba kama Longuza na Mtibwa ni mzuri, ila mti wa shambani ni nadra kutoa ubao mmoja wa sm 95, kwa hiyo ukiuziwa "msaji mzima" wa upana huo chungulia ncha utafute mistari ya gundi. Ukinunua mbao za msituni Tanzania, dai pia nakala ya hati ya kusafirishia mazao ya misitu.

Mto wa resini

Greg Klassen wa jimbo la Washington, Marekani, ambaye meza zake za mito zilisambaa sana, alitumia kioo cha buluu kilichokatwa kufuata ukingo wa mbao. Resini ilikuja kutawala kwa sababu haihitaji mtu wa kukata kioo kwa mikunjo. Unamwaga tu, na hapo kwenye "tu" ndipo fedha nyingi hupotelea.

Anza na ujazo. Mto wenye wastani wa upana wa sm 25 kwenye meza yetu ni mita 2 mara 0.25 mara 0.05, sawa na lita 25. Uliza bei ya lita moja ya resini ya kumwaga kwa kina, zidisha kwa 25, ongeza asilimia 10 ya kinachobaki kwenye ndoo na kinachopandishwa juu ya usawa ili kirandwe. Wengi hushtuka kuona resini imeizidi mbao. Mto mwembamba wa sm 10 hula lita 10 na, kwa macho yetu, hupendeza zaidi, maana mbao inabaki kuwa ndiyo meza.

Resini si moja. Ya kupaka uso huchanganywa aghalabu 1 kwa 1 na kigumishi, kile kimiminika kinachoigandisha, na humwagwa mm 3 hivi, ukiimwaga sm 5 itachemka. Ya kina huwa 2 kwa 1 au 3 kwa 1 na hukauka polepole. Uwiano wa kwenye kopo usomwe vizuri kama ni wa ujazo au wa uzito. Kigumishi ni chepesi kuliko resini, hivyo mbili kwa moja ya jagi si mbili kwa moja ya mizani, na tofauti hiyo ndogo inatosha kukuachia mto wenye kunata usiokauka kamwe. Dawa yake ni kuukwangua wote. Makosa mengine ya kuchanganya ni kutokwangua pembe za ndoo. Changanya dakika zilizoandikwa, hamishia ndoo safi, changanya tena.

Joto ndilo adui wa mafundi wa pwani. Resini hutoa joto inapoganda, joto hilo huharakisha kuganda, na kuganda huongeza joto. Kila nyuzi 10 zikipanda, kasi hukaribia maradufu. Mtengenezaji akisema sm 5 kwa mara moja, mara nyingi amepima kwenye chumba cha nyuzi 20 na kitu. Kwenye karakana ya nyuzi 32 chini ya bati, ukimwaga kina hicho unaweza kupata nyufa, mapovu, unjano na hata moshi. Mwaga usiku au alfajiri, nusu ya kina kilichotajwa, kwa tabaka mbili. Tabaka la pili lilifuate la kwanza likiwa limeganda lakini bado linanata kidoleni, ndipo yashikane yawe kitu kimoja. Ukichelewa likawa gumu, lisugue lote kwa msasa wa namba 80 hadi 120 kwanza, vinginevyo mpaka wa tabaka utaonekana ubavuni.

Kabla ya kumwaga, unyevu wa ubao uwe chini ya asilimia 12, na kingo zipakwe tabaka jembamba la resini liachwe ligande. Bila hilo, hewa iliyo ndani ya mbao itatoka usiku kucha kama mapovu. Fremu iwe ya bodi ya melamini iliyobandikwa selotepu, pembe zikizibwa kwa silikoni iliyokaa saa 24. Na mbao zikandamizwe kwa klampu au uzito: mninga una kg 650 kwa mita ya ujazo, resini 1,100, kwa hiyo mbao huelea. Ubao ukiinuka upande mmoja wakati resini imo, hakuna wa kuushusha.

Baada ya kutoa fremu, saa 72 au zaidi, subiri bado. Ugumu kamili huja kati ya wiki 2 na 4. Fundi anayekabidhi meza siku ya tano anakukabidhi uso utakaochorwa na kitako cha sahani.

Na hata ukiwa mgumu kabisa, resini nyingi za aina hii huanza kulainika kati ya nyuzi 50 na 60. Sufuria ya pilau iko juu sana ya hapo. Kikombe cha chai kwenye kisosi hakina tatizo. Jagi la uji bila kitambaa litaacha duara. Jua la dirishani hugeuza resini isiyo na rangi kuwa ya njano, na viambato vya kuzuia miale huchelewesha tu. Ukitaka mto na una dirisha la magharibi, chagua rangi nzito, nyeusi au kijani iliyokolea, ambayo haitaonyesha unjano.

Kuna jambo moja ambalo picha za mauzo haziwezi kuonyesha. Mbao hunywea pia kwa unene, resini hainywei. Meza ikihamia chumba kikavu, pitisha kidole kwenye mpaka utahisi ngazi ndogo. Si kasoro ya fundi, ni maumbile ya vitu viwili. Kinachokuwa kasoro ni resini iliyozungushiwa ubao pande zote, hata mwishoni, kwa sababu hapo ubao umefungwa na ukitaka kunywea utapasuka au utajing'oa. Mto upite kutoka ncha hadi ncha, kingo za nje za mbao ziwe huru.

Anayesugua resini avae barakoa na glavu za nitrili, na asioshe resini mikononi kwa thina, maana thina huipenyeza ngozini. Mzio wa resini ukishaanza huwa haurudi nyuma.

Mbao za kuunga juu ya miguu ya sanaa

Hili ndilo chaguo letu kwa familia. Mbao za upana wa sm 10 hadi 15, unene sm 3, zimepigwa randa kingo hadi mwanga usipenye katikati zikisimamishwa moja juu ya nyingine, zimegundishwa na kubanwa kwa klampu kila baada ya sm 25 au 30. Gundi ichuruzike kidogo kwa urefu wote, mahali isipotoka hakuna gundi ya kutosha. Klampu zipokezane, moja juu na moja chini, la sivyo uso utajikunja. Msaji una mafuta, ufutwe kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupakwa gundi.

Uso mzima bado hucheza kama ubao mmoja, kwa hiyo tundu refu ni lile lile. Lakini mbao nyembamba zimekauka vizuri zaidi, ni rahisi kuzichagua zisizo na moyo wala mbao nyeupe, na uzito wa kg 37 watu wawili wanabeba wakiongea.

Fedha iliyookolewa iende miguuni. Mguu uliochongwa ukawa mwembamba kuelekea chini, ukainamishwa nyuzi 5 hadi 10, ukaungwa kwa ulimi na tundu, ni kazi ya patasi na macho ambayo hakuna mashine inayoificha. Ulimi uwe theluthi ya unene wa mbao inayobeba tundu. Ukiona skrubu zimepigwa kutoka juu ya mguu kuingia kwenye mkanda, yaani mbao ya chini ya uso inayounganisha miguu, rudisha.

Miguu ya chuma inaruhusu maumbo ambayo mbao haiwezi. Skwea paipu ya mm 50 kwa 50 yenye ukuta wa mm 2 inatosha. Pwani, kutu huanzia ndani, hivyo ncha zifungwe kwa kuchomelewa, si kwa kofia za plastiki, na rangi ya kwanza iwe ya kuzuia kutu. Mahali chuma tupu kinapogusa mvule penye unyevu huota doa la buluu jeusi. Weka washa ya plastiki au rangi katikati.

Kioo, mguu mmoja, na hesabu ya kupinduka

Isamu Noguchi, mchongaji wa Marekani, alibuni miaka ya 1940, kwa kampuni ya Herman Miller, meza fupi ya sebuleni ambayo mguu wake ni vipande viwili vya mbao vyenye umbo moja, kimoja kimegeuzwa, vikishikwa na pini, na kioo cha mm 19 kimelala juu bila skrubu. Eero Saarinen, msanifu majengo, mwaka 1957 akatoa kwa kampuni ya Knoll meza ya mguu mmoja, akichoshwa na msitu wa miguu chini ya meza na viti. Zote mbili huigwa sana kwetu, na zote mbili hukosewa mahali pamoja: upana wa mguu unapokanyaga sakafu.

Chukua meza ya duara ya sm 120, uzito wote kg 60, mguu mmoja katikati. Nyayo yake ikiwa sahani ya duara yenye kipenyo cha sm 70, mtu inabidi akandamize ukingo kwa kg 84 ndipo meza iinuke upande wa pili. Nyayo ikiwa msalaba wenye mikono minne inayofika umbali ule ule wa sm 35, akikandamiza katikati ya mikono miwili kg 42 zinatosha. Ikiwa mikono mitatu, kg 25. Meza ya nyayo tatu haitikisiki kamwe hata sakafu ikiwa mbovu, lakini mjomba akiiegemea kwa kiwiko apate kuinuka, imeondoka naye. Kwa meza fupi ya sebuleni tatu ni sawa. Kwa meza ya kulia, ama sahani ya duara nzito, ama mikono minne inayofika sm 45 au zaidi kutoka katikati.

Kioo chenyewe hakina mengi. Kiwe kigumu, kile kinachovunjika kuwa chembe ndogo butu, mm 10 au 12. Kila milimita ni kg 2.5 kwa mita ya mraba. Tundu na kona zikatwe na kingo zing'arishwe kabla hakijagumishwa kwa moto, kwa sababu baada ya hapo hakikatiki, ukijaribu kitasambaratika. Uso wake huvumilia sana, udhaifu uko kwenye ukingo na kona: kijiko kizito kikigonga pale kwa bahati mbaya kinaweza kufanya kile ambacho sufuria haiwezi. Kona ziviringwe. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo, ngojeni. Na alama za vidole huonekana kutwa, mtu wa kufuta awepo.

Vanishi na plastiki juu yake

Vanishi ya kupulizwa inayokauka kwa dakika chache, ya nitroselulosi, ndiyo rahisi na ndiyo mbaya kwa meza ya kulia. Maji ya moto huipa weupe, na kitambaa cha plastiki kikiachwa juu yake huilainisha kikagandana nayo, ukikivuta kinaondoka na ngozi ya vanishi. Kama meza itafunikwa, agiza poliurethani ya vikopo viwili. Kama haitafunikwa na unapenda kugusa mbao, mafuta yenye nta ngumu ni bora, maana doa moja husuguliwa na kupakwa peke yake. Kwa mafuta, msasa uishie namba 180 au 240, mbao iliyosuguliwa zaidi ya hapo hainywi. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vitandazwe nje vikauke. Vikifinyangwa na kutupwa pipani huweza kuwaka vyenyewe.

Unapoagiza

Andika kwenye makubaliano asilimia ya unyevu siku ya kukatwa, aina ya vanishi, namna uso utakavyofungwa kwenye miguu, na siku ngapi resini itakaa kabla ya kuondoka karakana. Andika pia kimo kutoka sakafu hadi kitu cha chini kabisa kilicho juu ya magoti: kisipungue sm 62 kwa kiti cha sm 45. Ubao wa sm 5 ukiongezewa mkanda wa sm 10 unabakiza sm 60, na magoti yatagonga, kwa hiyo ubao mnene usiwe na mkanda. Viti vyenye mikono vipimwe kabla. Nyuma ya kila kiti iachwe sm 90 hadi ukutani, 75 kama hakuna anayepita.

Miguu ifungwe kwa bolti hata pale fundi anapopenda gundi, ili uso upite ngazini peke yake. Pima kona ya ngazi na upana wa mlango kwa ubao wa mfano wa sm 200 kwa 95 kabla ya malipo ya kwanza. Uso wa mbao ubebwe umesimama kwa ubavu. Kioo vilevile, kona zikiwa zimevikwa kadibodi, na kinapotuliwa kitue juu ya vipande viwili vya mbao, si moja kwa moja juu ya vigae.